Shajara ya mradi: hewa ya madarasa, bweni na jiko katika shule ya bweni, Njombe

Shule iko Njombe, mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi joto la nje hushuka hadi nyuzi 8 na siku nyingine chini ya hapo. Wanafunzi huingia darasani na masweta, hufunga madirisha yote, na wakikuta kioo kimevunjika huziba pengo kwa daftari. Hawakosei. Wana baridi. Kazi yetu ni kuwapa hewa safi bila kuwagandisha, na kuuondoa moshi wa kuni unaotoka jikoni. Jambo moja limerudi kila tulipogusa kitu: namba zilizoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam au Mombasa hazifai zilivyo huku juu. Hewa ni nyepesi, maji huchemka mapema, gesi huwaka vingine, hata vifaa vya kupimia hudanganya.

Wiki ya 1. Kupima, na kosa la kwanza

Tulianza na darasa moja la wanafunzi 60: mita 9 kwa 7, kimo mita 3, yaani meta za ujazo 189. Kipimo cha CO2 (kaboni dioksidi, gesi tunayoitoa tukipumua) kiliwekwa ukutani kimo cha mita 1.2, mbali na mlango, mbali na dirisha, na angalau mita moja kutoka kwa mwanafunzi wa karibu. Ukikiweka juu ya dawati la mtu kinasoma pumzi yake, si hewa ya chumba.

Kabla ya kuingia nacho ndani tulikiacha nje kivulini dakika 20. Kikasoma 338 ppm (sehemu kwa kila milioni za hewa). Hewa ya nje siku hizi iko 420 na ushee popote duniani, kwa hiyo namba hiyo haiwezekani. Sababu ni kimo. Kihisi cha infraredi huhesabu molekuli zilizopita mbele ya mwanga wake, kisha hudhani kiko usawa wa bahari. Huku mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 80 hivi badala ya 101, kwa hiyo kila namba inatoka pungufu kwa karibu moja ya tano. Darasa lenye ppm 2,000 linaonyeshwa kuwa na 1,600, na mtu anaridhika bure.

Dawa yake ni kuingiza kimo cha mahali kwenye mipangilio ya kifaa. Tahadhari mbili. Baadhi ya vihisi huhifadhi mpangilio huo kwenye kumbukumbu ya muda tu. Umeme ukikatika kinarudi mita sifuri bila kukuambia. Kwetu kilirudi mara mbili ndani ya siku nne, hadi tulipotumia amri ya kuuhifadhi moja kwa moja. Pili, kuna vifaa vya bei ya chini vinavyoandika CO2 kwenye kioo ilhali ndani vina kihisi cha harufu na mivuke tu, na namba ya CO2 hukisiwa. Kipulizie manukato karibu: kikiruka hadi maelfu, hakipimi CO2. Tuliviondoa viwili vya aina hiyo kwenye orodha.

Baada ya kurekebisha, mwisho wa vipindi viwili mfululizo (dakika 80), madirisha yamefungwa: 3,400 ppm.

Wiki ya 2. Hewa inabadilika mara ngapi

Namba ya CO2 peke yake haitoshi, maana hutegemea watu waliomo. Tunachotaka kujua ni kiasi gani cha hewa ya nje kinaingia. Njia rahisi ni ya kushuka: wanafunzi watoke wote wakati wa mapumziko, mlango na madirisha yabaki kama yalivyokuwa, kipimo kiendelee kuandika. Ondoa kiwango cha nje kwenye masomo yote mawili, gawanya la mwanzo kwa la mwisho, chukua logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), gawanya kwa muda kwa saa.

Kwetu: 3,400 ikashuka hadi 1,520 ndani ya nusu saa, nje ikiwa 425. (3,400 − 425) ÷ (1,520 − 425) ni 2.72, logi asilia yake ni 1.0, gawanya kwa 0.5, unapata 2. Hewa ya chumba inabadilika mara 2 kwa saa. Hiyo ni lita 105 kwa sekunde, au lita 1.75 kwa kila mwanafunzi. Mwaka 2021 WHO ilipendekeza lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo yasiyo ya makazi wala ya tiba. Tuko chini ya moja ya tano.

Kinachoharibu kipimo hiki: mwanafunzi mmoja akibaki ndani kuandika notisi, mkia wa mchoro haushuki vizuri na hesabu inatoka ndogo. Mlango ukifunguliwa katikati, inatoka kubwa. Rudia siku tatu, na andika upepo wa kila siku.

Jambo la kimo tena, kwa wanaopenda kusoma ppm moja kwa moja. Usawa wa bahari, lita 10 kwa mwanafunzi wa sekondari hukupa karibu 870 ppm. Huku, lita hizo hizo 10 zina molekuli chache zaidi za kuzimulia pumzi ileile, kwa hiyo zinakupa karibu 1,000. Usilikatie tamaa darasa la Njombe au Makete kwa sababu limekataa kushuka 900.

Jikoni na uani tuliweka vihisi vya PM2.5 (chembe ndogo sana za moshi na vumbi), aina ya PMS5003. Vinasaidia kulinganisha kabla na baada, mahali palepale, saa zilezile. Usivitumie kutangaza namba kamili. Asubuhi ya ukungu vinahesabu matone ya maji kama moshi, kwa hiyo tulitupa masomo yote ya unyevu unaozidi asilimia 85, na hapa hiyo ni karibu kila siku kabla ya saa 2. Cha jikoni kiligonga kikomo mara tu mafiga yalipowashwa, kikabaki hapo hadi uji ulipoiva. Hata hivyo mchoro wa darasa lililo karibu na jiko ulitupa jibu tulilohitaji: chembe hupanda dakika 10 hadi 15 baada ya jikoni kuwashwa, na hupanda zaidi madirisha ya upande wa jiko yakiwa wazi. Kwa hiyo kufungua madirisha kabla ya kuondoa moshi ni kuhamisha tatizo tu. Ratiba ikapangwa hivyo: moshi kwanza, matundu baadaye.

Wiki ya 3 na ya 4. Kutoka kuni kwenda gesi

Serikali ilishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Shule ilikuwa imeshapata mitungi na majiko. Kilichobaki ni kuyafanya yafanye kazi kwenye baridi na kimo hiki, na hapo ndipo wengi hurudi kwenye kuni wakisema gesi haiivishi.

Banda la mitungi lilijengwa nje ya jiko, ukuta wa nyuma wa tofali, mbele wavu wa chuma wenye kufuli, sakafu ya zege iliyoinuka sentimita 10. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini kama maji, kwa hiyo banda lisiwe karibu na mfereji, shimo wala mlango. Tuliacha mita 3 kila upande. Ndani ya jiko tulitoboa matundu sita usawa wa sakafu, kila moja sentimita 15 kwa 15, ili gesi ikivuja ipate pa kutokea. Mpishi mmoja aliyaziba kwa magunia siku ya pili kwa sababu ya baridi miguuni. Tulirudi kueleza kazi ya matundu hayo, kisha tukaweka ubao wa kukinga upepo sentimita 20 mbele ya kila tundu, upande wa nje. Hayajazibwa tena.

Hesabu ya mitungi. Sufuria la lita 100 za uji, maji ya nyuzi 15 hadi kuchemka. Huku maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Nishati inayohitajika ni megajuli 33. Jiko likitumia nusu ya joto la gesi, hiyo ni kilo 1.4 za gesi kwa kila sufuria. Vichomeo viwili kwa pamoja vinakula kama kilo 3 kwa saa. Sasa, mtungi hautoi gesi upendavyo. Gesi iliyomo ni kimiminika kinachochemka kwa joto linaloingia kutoka nje kupitia chuma cha mtungi, na asubuhi ya nyuzi 8 joto hilo ni dogo. Hatukutegemea mtungi wa kilo 38 kutoa zaidi ya kilo 1 kwa saa kwa mfululizo. Kwa hiyo minne imeunganishwa pamoja, na minne mingine iko upande wa pili ikisubiri, koki ya kubadilisha ikiwa katikati.

Dalili za mitungi michache: moto unaanza vizuri, baada ya dakika 20 unafifia, na nje ya mtungi kuna jasho baridi au ukungu mweupe hadi usawa wa kimiminika. Watu hudhani gesi imeisha na kurudisha mtungi ukiwa bado na theluthi. Kosa la hatari zaidi ni kuumwagia mtungi maji ya moto au kuusogeza karibu na moto ili "upate nguvu". Marufuku, na imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye banda. Ongeza mtungi, usiupashe.

Moto wa njano. Siku ya kwanza masufuria yalitoka na masizi meusi na wapishi wakawa wanalalamika macho. Vichomeo vilikuwa vimetobolewa kwa matumizi ya usawa wa bahari. Huku kila lita ya hewa ina oksijeni pungufu, gesi inatoka ileile, moto unakosa hewa, unakuwa njano na unatoa masizi na kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Kanuni ya mafundi ni kupunguza gesi asilimia 4 kwa kila mita 300 za kimo. Kwa mita 1,900 ni karibu robo. Eneo la tundu la nozeli (kipande kinachotolea gesi kwenye kichomeo) likipungua robo, kipenyo kinakuwa asilimia 87 ya cha zamani. Nozeli za milimita 2.0 zilibadilishwa na za 1.75. Usipanue wala kuziba nozeli kwa waya, nunua ya kipimo sahihi. Baada ya hapo tulifungua mlango wa hewa wa kichomeo hadi moto ukawa bluu wenye ncha kali, kisha tukaufunga kidogo pale ulipoanza kuruka juu ya tundu. Viungio vyote vilipakwa povu la sabuni koki zikiwa wazi na vichomeo vimefungwa. Kiungio kimoja kati ya kumi na vinne kilitoa mapovu.

Uji sasa huchukua saa moja hivi. Maharage ndiyo mtihani. Kwa nyuzi 94 yanaiva polepole mno, na yakipikwa makavu yanakula gesi ya siku mbili. Tangu wiki ya nne yanalowekwa kuanzia saa 12 jioni, maji yanamwagwa asubuhi, na yanapikwa kwenye sufuria lenye mfuniko mzito. Gesi ya maharage imepungua sana na mpishi mkuu ndiye anayesimamia kulowekwa. Hakuna kifaa tulicholeta chenye faida kubwa kuliko ndoo hizo za kulowekea.

Moto wa gesi hautoi moshi, lakini bado unatoa mvuke, CO2 na oksidi za naitrojeni. Dirisha la paa la jiko lililokuwa likitoa moshi wa kuni limebaki wazi. Fundi alitaka kulifunga kwa bati, tukakataa.

Wiki ya 5 hadi 7. Likizo ya Juni: kutoboa kuta

Jambo tunalolisimamia katika mradi mzima ni hili: dirisha ambalo mwanafunzi anaweza kulifunga, asubuhi ya Julai litafungwa. Kwa hiyo hewa ya msingi lazima ipite mahali ambapo hapafungwi na ambapo haimpigi mtu shingoni, yaani juu ya linta, boriti ya zege iliyo juu ya madirisha.

Kanuni tuliyotumia ni ya WHO kwa uingizaji hewa wa asili: lita kwa sekunde ni sawa na 0.65 × kasi ya upepo × eneo la tundu dogo zaidi × 1,000, matundu yakiwa pande mbili zinazotazamana. Asubuhi kuna upepo mdogo, kwa hiyo tulichukua mita 0.5 kwa sekunde. Kwa wanafunzi 60 na lita 5 kwa kila mmoja (nusu ya zile 10 za WHO) zinahitajika lita 300, na hiyo ni meta za mraba 0.92 za uwazi halisi kila upande.

Uwazi halisi si ukubwa wa tundu, na hapa mafundi wengi hupotea. Kati ya kila kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) na kenchi, mita 1.5, tulitoboa tundu moja la sentimita 80 kwa 30, sita kila ukuta mrefu. Jumla meta za mraba 1.44. Mbao za louva zikiinama nyuzi 45 zinaacha asilimia 65 hivi: 0.94. Wavu wa kuku wa matundu ya milimita 12 na waya wa milimita 1 unaacha asilimia 85 ya hapo: 0.80, pungufu kidogo ya 0.92 tuliyohitaji. Tungeweka wavu wa mbu wenye tundu la milimita 1.2 na waya wa 0.3, zingebaki asilimia 64 tu, na baada ya miezi mitatu ya vumbi hata hizo zisingekuwepo. Darasani mchana wavu wa mbu hauna kazi. Wavu wa kuku unazuia ndege na popo, na hilo latosha.

Kazi yenyewe, kwa mpangilio:

Chora mistari ndani na nje kwanza, ukihakikisha pande zote za tundu zinabaki na ukuta mzima wa sentimita 30 au zaidi chini ya kila kenchi. Kenchi hubebwa na ubao wa kulalia uliofungwa juu ya ukuta. Ukikata chini yake, paa litaketi. Linta ya zege isiguswe kabisa. Kata lipu pande zote mbili kwa grainda, kisha toa tofali kwa tindo na nyundo ukianzia juu. Kukata tofali zima kwa grainda kunajaza chumba vumbi la saruji. Mafundi walivaa barakoa na darasa lilioshwa kwa maji, halikufagiliwa kavu. Piga lipu kingo kwa mota ya saruji 1 kwa mchanga 4, na uweke mteremko wa kuelekea nje chini ya tundu.

Fremu ni mbao za mpaini zilizotiwa dawa, inchi 4 kwa 1, louva nane kila tundu, kila moja ikiipita ya chini yake kwa sentimita 2.5. Louva mbili za kwanza tulizotengeneza zilikosa kupitana huko na mvua ya upande wa kusini ikaingia hadi kwenye madawati ya nyuma. Wavu unafungwa ndani, ili uweze kutolewa na kuoshwa bila ngazi ndefu.

Mtihani wa haraka kabla ya kuleta kipimo: washa kijiti cha udi, kisimamishe sentimita 10 mbele ya kila tundu, tazama moshi unaelekea wapi. Upande wa upepo uwe unaingia, upande wa pili unatoka. Madarasa mawili yaliyojengwa karibu na kilima yalionyesha moshi ukiyumba bila mwelekeo, maana upepo hauyafikii. Kwa hayo hatutegemei upepo. Tumetoboa pia ukuta wa pembetatu juu kabisa, ili hewa ya moto ya pumzi na miili ipande itoke, na tundu la chini limewekwa nyuma ya ubao ambapo hakuna anayekaa.

Wiki ya 9. Wanafunzi wamerudi

Kipimo cha kushuka, madirisha yamefungwa, matundu ya juu tu: mara 4.6 kwa saa, sawa na lita 4 kwa kila mwanafunzi. Zaidi ya mara mbili ya mwanzo, lakini CO2 bado inatulia karibu 1,800. Haitoshi.

Swali likawa: tukiongeza uwazi, wataganda? Hesabu ilitushangaza kidogo. Kijana aliyekaa hutoa joto la wati 70 hivi kwa hewa ya chumba. Sitini ni wati 4,200, sawa na majiko mawili makubwa ya umeme. Kwa lita 4 kila mmoja, hewa ya nje inayoingia huondoa wati 236 kwa kila nyuzi moja. Yaani miili hiyo ingeweza kukipandisha chumba karibu nyuzi 18 juu ya nje kama kuta na bati visingepoteza kitu. Kwa lita 7 ni nyuzi 10. Baridi inayolalamikiwa inatoka zaidi kwenye bati lisilo na dari na kwenye hewa inayompiga mtu moja kwa moja, si kwenye kiasi cha hewa chenyewe.

Kwa hiyo vioo viwili vya juu vya kila dirisha la louva vimefungwa kwa bolti vikiwa wazi, vikielekeza hewa juu. Mwanafunzi anaweza kufunga vilivyobaki. Somo la wiki hii, mwisho wa vipindi viwili, asubuhi ya nyuzi 9: 1,350 ppm, ndani nyuzi 17. Saa 4 asubuhi, baada ya chai, madirisha yote yanafunguliwa na kiranja wa darasa. Mchana madarasa yanasoma kati ya 700 na 1,000. Malalamiko ya baridi yamebaki kwenye safu moja tu, iliyo chini ya tundu ambalo louva zake zilipachikwa kichwa chini na zinapuliza kwenda sakafuni. Zimegeuzwa.

Vumbi la chaki na la kufagia tumelimaliza kwa mambo mawili yasiyohitaji fundi. Ubao unafutwa kwa sponji yenye unyevu, si kwa dasta kavu inayogongwa ukutani. Darasa linafagiliwa jioni baada ya masomo, maji yamenyunyizwa, madirisha yakiwa wazi, badala ya saa 12 na nusu asubuhi dakika chache kabla ya watu kukaa kwenye vumbi lilelile. Shimo la taka lililokuwa likichomwa nyuma ya maabara limefungwa. Majani yanaenda kwenye mboji, plastiki inakusanywa.

Wiki ya 10 na 11. Bweni

Hapa tunaandika kwa uzito, kwa sababu bwenini hewa mbaya inaua usiku mmoja. Baridi ikizidi, jiko la mkaa huingizwa ndani "mpaka wapate usingizi". Mkaa uliofunikwa majivu hauna moshi wala harufu, na unaendelea kutoa kaboni monoksidi hadi alfajiri. Aliyelala haamki kukohoa. Anapata kizunguzungu na maumivu ya kichwa usingizini na hawezi kusimama.

Kila bweni limewekewa kengele mbili za kaboni monoksidi zinazokidhi kiwango cha EN 50291: hulia kwa 50 ppm baada ya dakika 60 hadi 90, kwa 100 ppm ndani ya dakika 10 hadi 40, kwa 300 ppm ndani ya dakika 3. Zimewekwa usawa wa kichwa cha aliyelala kitanda cha juu, mbali na dirisha. Tarehe ya kuisha kihisi imeandikwa nyuma ya kengele na sasa imenakiliwa kwenye daftari la matroni, maana kengele iliyokwisha muda inaweza bado kuwaka taa ya kijani. Ikilia: milango wazi, wote nje, hesabu majina nje, ndipo mtu atafute jiko liko wapi.

Kengele haitoi joto, kwa hiyo kumkataza mtu mkaa bila kumpa kitu ni maneno matupu. Mabweni mawili yasiyokuwa na dari yamewekewa, na blanketi la pili limetolewa kwa vitanda vilivyo upande wa kusini.

Matundu ya bweni hayafuati mchoro wa darasa. Vitanda ni vya ghorofa, na aliye juu yuko sentimita 60 kutoka kwenye tundu lililo juu ya linta, tungemgandisha. Tumetoboa kuta za mwisho tu, juu ya njia ya katikati, na milango imekatwa sentimita 4 chini. Vitanda vimepangwa kichwa kwa miguu, ili nyuso za majirani zisikaribiane. Kwa kifua kikuu na mafua ya bweni, umbali huo na hewa inayotembea ndivyo tunavyoweza kutoa leo.

Onyo la vifaa: kihisi cha CO2 chenye kujirekebisha chenyewe hudhani angalau mara moja kwa wiki kimeona hewa safi ya nje. Bwenini hakioni. Baada ya siku kumi kilikuwa kinasoma pungufu kwa ppm 150 hivi kikilinganishwa na kile cha akiba. Zima kujirekebisha huko, na kila mwezi kitoe nje dakika 20 ukirekebishe kwa mkono.

Wiki ya 12. Yaliyobaki

Madarasa tisa kati ya kumi na mawili yamekamilika; matatu yanasubiri mbao zikauke, kwani louva za mbao mbichi zilipinda ndani ya wiki mbili na kufunga nusu ya uwazi. Wavu wa madarasa yanayotazama barabara ya vumbi utaoshwa kila mwezi wa kiangazi, mingine kila muhula. Nozeli za akiba nne na mpira mmoja wa gesi viko stoo, vimeandikwa kipimo chake, ili fundi mgeni asirudishe za milimita 2.0. Maabara ya kemia bado: feni yake ya kutolea hewa inapuliza kuelekea madirisha ya Kidato cha Kwanza, na bomba la kuipandisha juu ya paa limeshapimwa, mita 2.4, kipenyo sentimita 20.